Mwito wa Mwisho wa Ngazi

Kinyozi ndiye aliyeanza, maana ilibidi mtu aanze.

"Marehemu alikuwa na antena mbaya," alisema, huku akipangusa nywele za mteja wa mwisho kutoka kwenye kiti. "Tuseme ukweli, jamani. Mlingoti umeinama, utadhani bibi kizee anatafuta kitu alichoangusha."

"Lakini alikuwa anasikika," alisema Fundi Saa.

"Alisikika kwa sababu ya mdomo wake. Antena haikuwa na kazi yoyote pale."

Wakacheka, kicheko kizito cha watu wanaosukuma gari lililozima. Mwalimu hakumaliza cha kwake. Aliishia kukohoa na kufuta miwani kwa ncha ya shati.

Sindano, msichana pekee kati yao, hakucheka kabisa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo kirefu, na kila alipoinua macho alikutana na uso wake mwenyewe, umevimba, umepauka, uso wa mtu aliyelia mpaka akachoka kulia. Akageukia upande wa pazia, ambako nyuma yake redio ilikuwa juu ya meza ndogo, taa yake ya kijani ikipenya kwenye kitambaa kama siku zote.

Hawa wanne walikuwa watu wa redio. Si redio za kusikilizia muziki. Ni zile za kuzungumza, ambazo mtu anaziombea kibali, anazifunga chumbani kwake, anasimamisha waya juu ya paa na kuongea na mwenzake wa mtaa wa pili au wa nchi asiyowahi kuiona, bila malipo, kwa kupenda tu. Zamani walikuwa watano. Wa tano, kijana fundi rangi waliyemwita Ngazi, alizikwa wiki iliyopita.

Na watu wa redio wana desturi yao. Mmoja akifa, wenzake wanakutana kwenye redio moja, wanaisema antena yake na waya wake mpaka utani uishe, kwa kuwa akiwa hai ndivyo walivyokuwa wakisalimiana. Kisha jina lake la redioni linaitwa hewani mara tatu. Wanasubiri. Asipojibu, na hajibu, jina linafungwa, na kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kuliita tena. Kwa Sindano, hayo ndiyo mazishi pekee yaliyobaki. Kwenye yale mengine alifukuzwa.

"Na ule waya wake wa kupeleka sauti juu," Kinyozi aliendelea, akijilazimisha. "Sisi wote tunatumia kebo nene kama watu wenye akili zao. Yeye, nyaya mbili ziko uchi, amezitenganisha kwa vipande vya plastiki alivyokata kwenye ndoo za rangi. Ngazi ya panya kabisa!"

"Na panya walikuwa wanapanda," alisema Fundi Saa. "Aliniambia mwenyewe. Akasema afadhali kwake panya wanapanda. Kwenye kebo ya Kinyozi hata sauti haipandi."

"Kebo yangu ina ubaya gani?"

"Ina viungo vingi kuliko mwili wa binadamu. Na kila kiungo umekifunga plasta. Hiyo si kebo, ni majeruhi."

"Anasema nani? Aliyeweka antena chini ya kitanda! Wewe ukiongea, kunguni ndio wanaokupata vizuri."

"Mwenye nyumba hataki waya juu ya paa lake, nifanyeje?"

Walikuwa wamesahau kidogo. Maneno yalikuwa yamepata mwendo wake wa zamani, yakirushwa na kudakwa, mpaka walipofika mahali ambapo siku zote sauti ya tano ilikuwa ikiingia kuwamaliza wote. Bila kuambizana, wote watatu walinyamaza kuipisha. Redio ikawa inavuma peke yake nyuma ya pazia. Kinyozi aliinama akaanza kufagia sakafu ambayo alikwisha kuifagia.

"Zamu yako, binti yangu," Mwalimu alisema kwa upole.

"Sina utani, Mwalimu."

"Sema lolote tu."

Sindano alivuta mtandio wake mabegani. Alikuwa mshonaji, na vidole vyake havikuzoea kukaa bure. Vilikuwa vikikunja na kukunjua ncha ya kitambaa.

"Siku ya kwanza aliponisikia, aliniambia antena yangu ni kamba ya kuanikia nguo."

"Ilikuwa ni kamba ya kuanikia nguo," alisema Kinyozi.

"Najua. Nilikuwa nimeufunga waya humo humo. Nikianika shuka mbichi, nasikika mbali zaidi." Midomo yake ilijaribu kutabasamu. "Akaja na ngazi yake kunitengenezea. Amefika juu ya paa, ana koleo mkononi, ndipo akageuka akaniona nimesimama uani. Akasema, 'Kumbe ndiye wewe mwenye ile sauti.' Basi. Akawa ananitazama tu, na mimi namtazama, mpaka shingo ikaniuma. Nikamwambia, kaka, kazi imekwisha, shuka. Akasema anaogopa kushuka kwa sababu akifika chini itabidi aondoke."

Fundi Saa, mtu mzima mwenye wajukuu, aligeuka ukutani akajifanya anasoma bei za kunyoa.

Walipendana hivyo, kwa hewa. Nani angeweza kuwazuia? Kila jioni kazi zilipokwisha, Sindano akiwa kwenye cherehani na Ngazi akiwa chumbani kwa mama yake, mikono ina madoa ya rangi, wenzao waliwasikia wakitaniana juu ya kebo na milingoti, na mtu yeyote mwenye masikio alijua kuwa hawazungumzii kebo. Mama yake Ngazi alilisikia hilo akalikataa mapema. Msichana anayecheka na wanaume hewani kila siku, alisema, hataingia kwangu kama mkwe. Baba yake Sindano naye, msimamizi wa ghala, mtu wa maneno machache, hakutaka kusikia habari za fundi rangi. Alikuwa amekwisha kuzungumza na familia ya mtu mwingine aliyetaka kumposa.

Hapo ndipo mkosi ulipoingia. Baba alitaka mlingoti wa bintiye uondoke juu ya paa kabla ya wageni hao kufika, na wageni walikuwa wanakuja kesho yake. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Sindano alimsihi asubiri, akakataa. "Kama hauondoki leo, nitaukata kwa msumeno," alisema. Ngazi alipopata habari alikuja mwenyewe, kwa kuwa aliuheshimu mlingoti ule alioujenga kwa mikono yake, na hakupenda ukatwe.

Watu wa redio walikuwa makini, wala tusiwasingizie uzembe. Siku ya kuusimamisha walipima umbali kutoka kwenye mlingoti hadi kwenye nyaya za umeme nyuma ya nyumba, wakaridhika. Walipima ukiwa umesimama. Hakuna kati yao, na wote ni wajuzi, aliyefikiria kupima ungefika wapi ukianguka.

Upepo uliuchukua Ngazi akiwa ameushika, ukaulaza upande wa nyaya za umeme. Sindano alikuwa chini, ameshika kamba. "Achia!" Ngazi alimpigia kelele. "Achia!" Akaachia. Ngazi hakuachia.

Msibani, Sindano alifika getini amevaa nguo nyeusi aliyoishona usiku kucha. Mama wa marehemu alitoka ndani akiwa ameshikiliwa na wanawake wawili, akamtazama kuanzia miguuni.

"Wewe ni nani kwake?"

Sindano alitafuta jibu. Hakuwa mke. Hakuwa mchumba, kwa kuwa hakuna mzee wa pande zote mbili aliyekubali.

"Ulimwita aje kufa," yule mama alisema. "Mlingoti ni wako, nyumba ni yenu, wewe umemwita, na wewe uko hapa mzima. Ondoka."

Akaondoka. Hakusema ni nani aliyetaka mlingoti ushushwe siku ile. Kumtaja baba yake mbele ya umati wa msiba, aonyeshwe vidole mtaani mpaka kufa kwake? Alilimeza jibu hilo, nalo likakaa.

"Basi tuite," Mwalimu alisema sasa, akisimama. "Kwa desturi, anayeita ni mtu wake wa karibu. Njoo, binti."

"Ita wewe, Mwalimu. Mimi si mtu wake wa karibu. Nilishaambiwa."

"Uliambiwa na nani?"

"Getini."

"Haya. Na huku hewani, sisi tuliowasikia siku zote hizo, tulikuwa tunamsikiliza nani?" Mwalimu alivuta pazia, akamsogezea kigoda mbele ya redio. "Njoo ukae, mwanangu."

Alikuwa ndiyo kwanza amekaa pale mlango uliposukumwa. Baba yake alisimama kizingitini, kofia ya kazi mkononi. Alikuwa amekonda katika siku hizo chache. Kola ya shati ilimpwaya shingoni.

"Shikamoo, mzee," Kinyozi alisema, kwa sauti isiyokuwa na ukaribisho.

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kwa bintiye. "Twende nyumbani."

"Nikimaliza, baba."

"Twende sasa. Vitu hivi havijatosha tu? Mtu amekufa, bado mnachezea nyaya."

"Hatuchezi," alisema Sindano. Hakuinua sauti. "Namzika. Ulininyima kuishi naye, nikakutii. Nilinyimwa kumzika, nikaondoka. Hili huninyimi, baba. Nipige ukitaka, lakini hapa sitoki."

Maishani mwake hakuwahi kuzungumza naye hivyo, na wote wawili walilijua hilo. Mzee hakuingia wala hakuondoka. Alibaki mlangoni amekamata kofia yake kwa mikono miwili.

Sindano aligeukia redio. Alichukua kipaza sauti, akabonyeza kitufe, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya kwake.

"Ngazi, Ngazi, huyu ni Sindano anakuita. Unanipata?"

Akaachia kitufe. Mvumo. Mvumo tu, wa hewa tupu.

"Ngazi, Ngazi, huyu ni Sindano. Unanipata?"

Fundi Saa alikuwa analia waziwazi sasa, bila kujificha. Mwalimu aliweka mkono juu ya bega la Sindano.

"Ngazi." Alisita hapo. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, na akiimaliza atakuwa amemaliza kila kitu. Jina lile hatalitamka tena katika redio yoyote mpaka naye aitwe. Alivuta pumzi. "Ngazi wangu. Huyu ni Sindano. Niliachia, kama ulivyoniambia. Mbona wewe hukuachia? Unanipata?"

Akaachia kitufe.

Walisubiri. Mwalimu alitazama saa yake, akavua miwani, akanyoosha mkono kupokea kipaza sauti ili atamke maneno ya kufunga. Na hapo mvumo wa redio ulikatika, kama unavyokatika mtu anapobonyeza kitufe upande wa pili.

Kinyozi aliangusha ufagio.

Kwanza ilikuwa pumzi tu. Kisha sauti ya mwanamke, iko karibu mno na kipaza sauti, inapasuka.

"Sijui kama hiki kidude ndicho chenyewe. Msizime. Mimi ni mama yake."

Mwalimu ndiye aliyezinduka kwanza. Akambonyezea Sindano kitufe.

"Tunakupata, mama," alisema Mwalimu. "Pole sana, mama yetu."

"Nimekaa chumbani kwake. Sijazima kitu chochote, taa ya redio yake inawaka tangu siku ile. Leo nimewasikia. Zamani pia nilikuwa nawasikia, nikiwa jikoni. Alikuwa anaongeza sauti makusudi ili nisikie mnavyomcheka kwa panya wake." Sauti ilipotea, ikarudi. "Yule binti yupo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

Mama hakuitikia salamu. "Nina swali moja tu. Limeninyima usingizi. Kwa nini ulimwita siku ya upepo? Siku zote ulikuwa unamwambia, leo kuna upepo, usipande. Nilikuwa nakusikia kwa masikio yangu. Siku ile ilikuwaje? Kwa nini siku ile ulimwita?"

Sindano alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Hakugeuka kumwangalia baba yake, na hakuhitaji, alimsikia akipumua. Jibu lilikuwa moja, fupi, na lingemrudishia kila kitu: lango, msiba, haki ya kulia. Alibonyeza kitufe.

"Nilikosea, mama," alisema. "Nisamehe."

"Kukosea si jibu. Mimi nimekuuliza kwa nini."

"Nilikosea tu, mama."

Nyuma yake viatu vya kazi vilisogea juu ya sakafu ya saruji. Baba yake alipita kati ya Kinyozi na Fundi Saa, akainama juu ya meza kama mtu anayechungulia kisima, akakiambia kile kipaza sauti, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyesema ushushwe siku ile ile. Binti yangu alinisihi, nikakataa. Hakumwita mtu. Kijana alikuja kwa sababu yangu."

Alimaliza, akafuta jasho. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akasubiri, na redio ikaendelea kuvuma.

"Hasemi kitu," alisema.

"Baba," Sindano alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka sasa bila kizuizi. "Hajakusikia. Ni lazima ubonyeze kwanza."

Mzee alimtazama. Mtu anaweza kujikaza akasema neno kama lile mara moja. Mungu ndiye ajuaye alilitoa wapi. Alikitazama kitufe, akautazama mlango uliokuwa bado wazi, ambao hakuna aliyekuwa amemzuia kuutumia. Kisha akamwashiria bintiye kwa kichwa. Sindano akabonyeza, akamshikia kipaza sauti karibu na mdomo, na baba yake akalisema tena lote, polepole zaidi, na safari hii sauti ilimkatika pale alipofika kwenye neno "kijana".

Kitufe kikaachiwa.

Kinyozi alidhani mama amezima. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo, ameinamisha kichwa asijione.

"Nimesikia," redio ilisema hatimaye. Sauti haikuwa ya hasira; ilikuwa imechoka tu. "Mzee, nimekusikia. Sina la kukuambia wewe. Labda siku nyingine nitakuwa nalo, na litakuwa baya." Pumzi. "Binti."

"Abee, mama."

"Ulisimama pale getini ukaninyamazia. Nikakutukana mbele ya watu, ukaninyamazia."

"Ndiyo, mama."

"Sijui kama nakupenda. Sikuwahi kukupenda, sitakudanganya. Lakini nyumba hii imenyamaza. Nimekaa na redio hii siku zote hizi naomba mtu aseme chochote, hata utani wenu ule wa kipuuzi, na leo ndiyo mara ya kwanza nimesikia jina la mwanangu humu tangu afe. Kesho saa kama hizi, mwite tena."

Sindano alimtazama Mwalimu. Fundi Saa na Kinyozi nao walimtazama. Yule mama hakuijua desturi. Hakuna aliyemwambia kwamba jina likishaitwa mara tatu haliitwi tena, kwamba watu wa redio wa dunia nzima wanaliheshimu hilo, na kwamba yeye Mwalimu mwenyewe amelisimamia kwa marafiki wengi kuliko alivyopenda.

Mwalimu alivaa miwani yake taratibu. "Mimi sijafunga kitu," alisema.

Sindano akabonyeza kitufe.

"Nitamwita, mama."

"Kesho."

"Kesho, na kesho kutwa. Mpaka utakaponiambia basi."

"Usiningoje mimi nikuambie basi," alisema yule mama, na mvumo ukarudi.